Gari la Mkate na Barabara ya Juu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuonyesha watu njia lilikuwa kudhani kwamba baba yangu hajui barabara. Nilidhani hivyo kwa muda mrefu, na nilidhani kwa upendo, kama mtoto anayegundua kwamba mzazi wake hasikii vizuri, akaanza kupaza sauti kidogo bila kumwambia kwa nini. Sikumcheka. Nilimhurumia, nikaamua kumsaidia, na msaada wangu ulikaribia kutunyang'anya kitu tulichokipenda kuliko vyote nyumbani.

Nimekumbushwa na mkate. Majuzi nilinunua mkate mzima, usiokatwa, ukiwa bado na moto wake, nikauacha kwenye kiti cha gari nikaenda kuonana na mteja kule Milimani. Jua lilikuwa kali. Niliporudi na kufungua mlango, harufu ilinijaa usoni, harufu ya hamira na ya bati lililoshika joto, nikakaa pale na ufunguo mkononi bila kuwasha gari. Mlinzi wa geti akaja akainama dirishani.

"Boss, uko sawa?"

"Niko sawa," nikasema. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaendesha njia nzima nikijiuliza kama nilimjibu kwa adabu, na kama nilifunga mlango wa yule mteja, na kama mkate ule ulikuwa wa kunikumbusha kitu au nilikuwa na njaa tu.

Gari letu lilinuka hivyo. Baba alikuwa fundi wa makochi hapa Nakuru, na wakati kiwanda kimoja kidogo cha mikate kilipofungwa, alinunua gari lao la kusambazia mikate. Jirani zetu walidhani amelinunua la kubebea makochi, na kweli siku za kazi lilibeba makochi. Lakini ndani, ubavuni, kulikuwa na rafu za chuma za kupangia kreti, na baba alizitazama zile rafu kwa siku kadhaa kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kumnunua. Kisha akang'oa za upande mmoja, akaacha mbili za upande wa pili, akazikatia sponji iliyobaki kwenye kazi zake na kuzivika kitambaa cha makochi chenye maua makubwa ya zambarau. Hivyo ndivyo mimi na dada yangu Njoki tulivyopata vitanda. Njoki, kwa kuwa ni mkubwa, alilala rafu ya juu. Mimi nililala ya chini. Pale palipokuwa na rafu zilizong'olewa, baba alifunga kitanda cha kukunja, chake na mama, na karibu na mlango akaweka meko, dumu la maji na sufuria mbili zilizofungwa kwa mpira zisigongane. Tulilipa gari jina. Tuliliita Mkate.

Watu wengine walikwenda likizo kwa hoteli, wengine hawakwenda kabisa. Sisi, shule zikifungwa, tulikwenda mbuga na Mkate. Tulikwenda Bogoria tukachemsha mayai kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Tulikwenda ukingoni mwa kreta ya Menengai. Lakini mahali petu hasa palikuwa Hell's Gate, kule Naivasha, kwa sababu mle unaruhusiwa kutembea kwa miguu, na mtoto anaweza kupishana na pundamilia kama anavyopishana na jirani akitoka dukani. Usiku tulilala juu ya jabali na Mkate wetu, na asubuhi tuliamka na vumbi puani na ngiri wakipiga magoti kula nyasi karibu na magurudumu.

Kitu kimoja tu hakikuwamo ndani ya Mkate, nacho ni dirisha. Mkate hauhitaji kuona nje. Mlango wa nyuma ulikuwa na vioo viwili vidogo, lakini wenye kiwanda walivipaka rangi nyeupe ili jua lisikaushe bidhaa, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kufikiria kuigusa rangi ile. Kati yetu na wazazi kulikuwa na ukuta wa bati wenye tundu la ukubwa wa kitabu, lenye kifuniko cha kusukuma. Ukisimama juu ya dumu ungeona kisogo cha baba, kitambaa cha kichwa cha mama, na kipande cha mbingu. Basi. Tulisafiri gizani kwa taa ndogo ya betri, tukinukia hamira.

Na mle gizani nilikuwa na kazi. Nilikuwa nimejifunza ramani peke yangu, kwa atlasi ya shule ya Njoki. Hakuna aliyenifundisha. Nilichukua uzi wa mama wa kushonea, nikaulaza juu ya mstari mwekundu wa barabara, kila kona, nikaunyoosha kwenye rula. Nilipokosea nilianza upya. Kama uzi uliteleza hata kidogo nilianza upya. Njoki alisema mimi ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuchoka kwa kwenda Gilgil bila kutoka sebuleni.

Ramani ilisema jambo moja wazi kabisa. Kutoka Nakuru kwenda Naivasha unashika barabara kuu, unapita Elementaita, unapita Gilgil, umefika. Lakini Mkate haukwenda hivyo. Nilijua kwa mwili wangu. Badala ya kusikia matrela yakitupita kwa kishindo, nilisikia injini ikilia kwa gia nzito, tukipanda, tukipanda, hadi masikio yakaziba. Kisha baridi iliingia chini ya mlango pamoja na harufu ya moshi wa kuni na udongo wenye unyevu. Hiyo ilikuwa Dundori, na Dundori iko upande wa mashariki, juu milimani, kwenye viazi na ng'ombe wa maziwa. Mtu anayekwenda Naivasha hana shughuli Dundori. Baada ya hapo tulizungukazunguka huko juu kwa muda usio na mwisho, tukisimama kwenye miji midogo ambako hatukuona chochote, tulisikia tu.

Mara moja, nadhani ilikuwa Ol Kalou, mwanamke alipiga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Boss! Mnapita tu hivyo? Niachie kreti mbili za mkate!"

"Mathe, hatuuzi," baba akasema. "Humu ndani kuna watoto tu."

"Wameiva?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Njoki alipiga bati kutoka ndani akapaza sauti, "Bado kidogo!" na yule mama nje akapiga ukelele wa kushtuka, kisha soko zima, ilivyoonekana, likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na atlasi magotini, na kidole changu kilikuwa kwenye Ol Kalou, mbali kabisa na mstari mwekundu.

Lakini kilichonihakikishia kwamba baba amepotea kilikuja baadaye, kila safari, mahali palepale. Barabara ingeacha kupanda. Injini ingezimwa. Milango miwili ya mbele ingefunguka na kufungwa. Halafu kimya. Upepo ungesukuma bodi ya gari hadi ikatikisika, na sisi tungekaa mle, kwa kuwa mlango wa nyuma ulifunguliwa kutoka nje tu. Mara ya kwanza nilipiga mlango, na mama akaja akasema kupitia bati, "Tulieni, kuna baridi, na hapa ni ukingoni. Sitaki mtu akimbie-kimbie." Baada ya hapo sikupiga tena. Nilisikiliza. Wakati mwingine nilisikia sauti zao chini kwa chini, wakati mwingine hapakuwa na sauti yoyote. Nilimwona baba akilini mwangu amesimama njia panda, ameshika kiuno, akitafuta mtu wa kumuuliza, na mtu hayupo.

Waliporudi nilisimama juu ya dumu nikasukuma kifuniko.

"Baba, tumepotea?"

"Eeh," alisema baba, na sauti yake ilikuwa na furaha ya ajabu. "Tumepotea kabisa. Lala."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Tulifika getini jua likiwa karibu kuzama, na askari wa mbuga alitikisa kichwa. "Mzee, na nyinyi kila mara jioni?" Baba akasema, "Si unajua hii gari." Nami nikaona uchungu mle ndani, kwa kuwa nilijua tatizo si gari, ni njia.

Mambo yangeendelea hivyo, nadhani, kama si bwana wa kuku. Alikuwa mtu wa Molo, mwenye koti zito hata mchana wa Nakuru, na alifuga vifaranga. Alikuja uani kwetu siku moja akalizunguka gari letu, akagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akafungua mlango wa nyuma na kutazama rafu zetu zenye maua ya zambarau.

"Hii ni gari ya kazi," alimwambia baba. "Sio ya kulala. Kuku wangu watakaa hapa vizuri sana, boss. Iko giza, wanatulia."

"Ni ya watoto," baba akasema.

"Watoto wanakua. Kuku hawamalizi kuzaliwa."

Baba alicheka, lakini hakukataa. Kazi ya makochi ilikuwa imepungua msimu ule, hata mimi niliona vitambaa vile vile vikikaa kibandani kwake wiki baada ya wiki. Alimwambia yule bwana, "Wacha twende safari moja na familia. Tukirudi tutaongea."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mkokoteni. Nikaelewa, kwa njia yangu, kila kitu. Baba angeuza Mkate kwa sababu safari zetu zilikuwa mbaya, na zilikuwa mbaya kwa sababu tulipotea. Kama tungefika vizuri mara moja tu, bila kuzunguka, mchana kweupe, angeona kwamba gari linafaa. Na mtu wa kutufikisha vizuri alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nyuma ya mkokoteni.

Nilipanga safari ile kama watu wanavyopanga arusi. Nilichora barabara kuu kwenye karatasi safi, nikaichora tena kwa kuwa Gilgil ilitoka kubwa mno. Niliandika kila mji kwa mpangilio. Nilifanya mazoezi ya kusema "kushoto" na "kulia" kwa sauti ya utulivu. Asubuhi ya safari, kabla hawajafunga mizigo, nilimwendea mama.

Mama alishona sare za shule. Alikaa siku nzima kwenye chumba cha nyuma cha duka moja mjini, cherehani imeelekezwa ukutani kwa sababu hapo ndipo soketi ya stima ilipokuwa. Nimelijua hilo maisha yangu yote. Sikuwahi kuliunganisha na chochote.

"Mama, leo naomba nikae mbele. Nina ramani."

Alitazama karatasi yangu, ile safi, kisha akanitazama mimi. "Hii umechora wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Sawa. Kaa mbele. Mimi nitakaa na Njoki." Akaingia nyuma, akainama chini ya rafu, akajilaza mahali pangu. Baba alitaka kusema kitu, akamtazama mama, akaufunga mlango.

Tulishika barabara kuu kama karatasi ilivyosema. Nilisema "mbele moja kwa moja" mara nyingi, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kusema. Matrela yalitupita. Sikuondoa macho kwenye karatasi isipokuwa kusoma vibao, na kila kibao kilipolingana na karatasi moyo wangu ulitulia kwa dakika moja kisha ukaanza kungoja kingine. Mahali fulani baba alisema, "Ona ziwa. Ona flamingo, wako pale kama mtu amemwaga kitu." Nilisema, "Sawa, baba," bila kuinua kichwa, kwa kuwa tulikuwa tunakaribia Gilgil na sikutaka ituponyoke.

Baba hakupiga mluzi wake wa safarini. Huko nyuma hakuna aliyecheka. Kifuniko cha tundu hakuna aliyekisukuma.

Tulifika getini jua likiwa utosini. Askari alitazama saa yake kwa mzaha. "Mzee! Leo kumekuwaje?" Nilijiona mrefu. Baba akaegesha juu ya jabali letu, akazunguka kufungua mlango wa nyuma, na mama akatoka. Alitoka polepole, ameshika kiuno, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, akafunika macho kwa mkono kwa sababu ya mwanga. Alisimama hivyo kwa muda, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. "Tumefika?" akauliza. "Tayari?"

"Tayari," nikasema.

"Hongera," akasema, na akanipapasa kichwa. Mkono wake ulinuka hamira.

Tulikuwa na mchana mzima, na hatukujua tuufanyie nini. Tulipika. Tulitembea hadi kwenye korongo tukarudi. Twiga watatu walisimama wakatutazama. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kila mtu alikuwa na adabu na mwenzake, kama wageni. Njoki alinipa saluti. "Kondakta, ruhusa niende chooni?" Hata mzaha wake ulikuwa umechoka. Na tulipokuwa tunakunywa chai baba akanyoosha miguu, akamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayefikiri tu:

"Unajua, Mama Njoki, kama ni kufika tu, si lazima gari hii. Tunaweza kupanda gari ya abiria mpaka Naivasha, tukodishe hema. Huyo mtu wa kuku achukue yake."

Mama alichezesha kikombe. "Labda," akasema.

Chai ilinipalia. Njoki akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Niliyatazama maneno yale upande huu na upande ule, kama nilivyouzungusha ule uzi, na kila nilivyoyapima yalitoa jibu lilelile. Nilikuwa nimethibitisha, kwa karatasi safi, kwamba hatuhitaji Mkate. Safari ilikwenda vizuri kiasi kwamba gari lolote lingeweza kuifanya. Sikuelewa imekuwaje. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda cha wazazi, kwa kuwa mama alikuwa na maumivu ya mgongo na Njoki alimpa rafu yangu alale, na nilijua kuna kitu nimekivunja bila kukigusa.

Nilikijua asubuhi. Tulikuwa tumefunga mizigo, baba ameshawasha injini, na mimi nimesimama kwenye mlango wa mbele na karatasi yangu. Mama alikwenda nyuma. Alishika ukingo wa mlango, na kabla ya kuingia akasimama, akageuza uso, akatazama majabali, akatazama nyasi, akatazama juu. Akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kisha akainama aingie.

Sijui kama naweza kueleza vizuri. Nilikuwa nimeingia kwenye mlango ule mara nyingi sana na sikuwahi kuvuta pumzi hivyo, kwa kuwa sikujua kuna cha kuaga.

"Mama," nikasema. "Wewe kaa mbele."

"Na ramani?"

"Nitakaa nayo nyuma."

"Huko gizani?"

"Nimezoea."

Mama aliuachia mlango. Alikuja mpaka dirisha la baba, akasema kwa sauti ambayo hakuitumia sana, ile ya kuhesabu vitambaa vilivyopungua. "Baba Njoki. Wewe unajua hawa watoto hawaoni kitu huko nyuma?"

"Si wakishachoka kupiga kelele huwa wanalala?"

"Nani alikwambia wanalala?"

Baba akanitazama mimi. "Hamlalagi?"

"Hapana," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Huyu anashika atlasi," Njoki akasema kutoka rafu ya juu, "na mimi namsikiliza akisema tumepotea. Kila safari. Tumepotea, tumepotea. Nimechoka."

"Tumepotea wapi?" baba akauliza.

Ikabidi niseme. Nilisema yote pale, kando ya gari linalonguruma: Dundori, na mstari mwekundu, na pale tunaposimama yeye akitafuta mtu wa kumuuliza njia. Nilikuwa nalia kidogo, na niliona aibu kwa kuwa nalia na kwa kuwa nilikuwa namwambia baba yangu kwamba hajui njia, mbele ya mkewe. Baba alizima injini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama, na nyuso zao zikafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama watu waliokamatwa wakila nyama jikoni.

"Leo," baba akasema, "tunarudi kwa barabara ya juu."

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba ina jina.

Kutoka Naivasha tulipanda Kinangop, mimi nikiwa kwenye rafu yangu, mama mbele. Nilisikia mluzi wa baba umerudi. Masikio yaliziba, baridi ikaingia chini ya mlango, na kwa mara ya kwanza sikuifungua atlasi. Pale pa siku zote, injini ikazimwa. Milango miwili ikafunguka. Kisha nikasikia hatua zikija nyuma, komeo likavutwa, na mwanga ukamwagika ndani mpaka juu ya maua ya zambarau.

"Njooni," mama akasema. "Shikaneni mikono. Mtu asikimbie."

Nilitoka nikasimama, na ardhi iliisha mbele ya miguu yangu. Nimewahi kuonyesha watu wengi mahali pale tangu siku hiyo, na bado sijapata namna nzuri ya kuwatayarisha, kwa hiyo huwa nanyamaza. Bonde lote lilikuwa chini yetu. Ziwa Naivasha lililala pale kama sahani, na kando yake nyumba za plastiki za mashamba ya maua zilimetameta. Mlima Longonot ulisimama peke yake na mdomo wazi. Vivuli vya mawingu vilitembea juu ya kila kitu bila haraka. Mbali, chini kabisa, kulikuwa na mstari mwembamba uliopinda, na juu yake vidude vikitambaa.

"Ile ni nini?" nikauliza.

"Ile ndiyo barabara kuu," baba akasema. "Hayo ni matrela. Jana tulipita pale, wewe ukisoma karatasi."

Ulikuwa ule uzi wangu. Ulilingana kabisa, kona kwa kona. Sikuwahi kuupima vizuri namna ile.

Mama alifungua thamosi. Walikuwa na vikombe viwili tu, kwa kuwa siku zote walikuwa wawili pale, ikabidi tunywe kwa zamu, mimi kwenye kikombe chake, Njoki kwenye cha baba. Hawakusema kwa nini walituacha ndani miaka yote ile, na sikuuliza. Nilikuwa nimemwona mama akinywa chai mara elfu, lakini sikuwa nimemwona akinywa huku macho yake yakienda mbali hivyo, bila kurudi haraka kuangalia mkono unafanya nini.

"Wiki nzima," akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "naangalia sindano na ukuta. Hapa naangalia hii. Halafu narudi."

Baba alinisogeza karibu, mkono wake begani mwangu, ukinishika kwa nguvu kidogo kwa sababu ya ukingo. "Umeona sasa tunapopotelea?"

"Nimeona."

"Ni mbali?"

"Ni mbali sana," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimepima. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Tuliporudi nyumbani, bwana wa kuku alikuja tena na koti lake. Aligonga ubavu wa gari kwa kifundo kama kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama wazi safari hii, si nyuma ya mkokoteni.

"Sasa, boss. Mmerudi."

"Tumerudi," baba akasema. "Siuzi. Hii gari iko na kazi."

"Kazi gani?"

"Kupotea."

Yule bwana alimtazama kama mtu anayetazama jogoo mgonjwa, akaenda zake. Jioni hiyohiyo baba alileta wembe na mafuta ya taa kwenye kopo, akatukalisha mimi na Njoki nyuma ya gari, tukakwangua rangi nyeupe kwenye vile vioo viwili. Kazi hiyo ilikuwa yangu hasa. Niliifanya bila kuacha doa, na nilipomaliza nilirudia. Njoki alichungulia upande wa pili, akabana pua yake kwenye kioo, akaniambia mimi ni mbaya kuliko alivyokuwa anakumbuka. Baada ya kazi kupata nafuu, baba alikata dirisha halisi ubavuni, usawa wa rafu ya chini, akalizungushia mpira wa gari kuukuu. Lilivuja mvua ikinyesha. Hakuna aliyelalamika.

Mkate ulitupeleka kwa miaka, mpaka sakafu ikaoza. Sasa umekaa uani kwa wazazi, na mwisho wa yote, mama alinunua kuku, na kuku wanalala kwenye rafu zetu. Maua ya zambarau hayaonekani tena. Yule bwana wa Molo angefurahi. Mama hashoni siku hizi, lakini cherehani yake ipo, imewekwa dirishani.

Sasa hiyo ndiyo kazi yangu, kuwapangia watu safari za magari ya kulala kwenda mbugani, na kazi hiyo pia nimejifunza mwenyewe. Bado napima kila barabara. Bado naandika kila mji, na nikikosea naanza upya, na usiku wa kuamkia safari ya mteja silali vizuri. Lakini mambo mawili yamebadilika. Kabla ya kuwauliza watu wanataka kufika saa ngapi, nauliza nani atakaa wapi, na kama pale ataona nje. Na mwezi hauishi kabla sijampeleka mama barabara ya juu. Yeye hukaa mbele.